Barua ya Wazi: Koroboi Ilikuwa Upande Gani wa Meza?

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na wakuu wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

KUH: RUFAA YA MTU ALIYETIWA HATIANI KWA MAUAJI KWA USHAHIDI USIOTEGEMEKA

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Muhoroni katika Kaunti ya Kisumu, na ninawaandikia kuhusu mtoto wa dada yangu, ambaye kwetu Wajaluo humwita okewo, naye huniita nera. Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa mauaji, ikamhukumu kifungo cha miaka 30, na sasa yumo katika gereza la Kodiaga. Sitataja jina lake, wala la marehemu, wala kituo cha polisi kilichopeleleza, wala jaji aliyesikiliza kesi, wala masijala iliyohifadhi jalada. Rufaa ingali mbele ya mahakama, na familia zote mbili zingali zinaishi kijiji kimoja. Mjane wa marehemu ni mtu ninayemsalimia kila tunapokutana njiani, naye huniitikia.

Najua kwamba Ibara ya 160 ya Katiba inawakinga majaji dhidi ya maagizo ya mtu yeyote, na mimi mwenyewe nisingependa kuishi katika nchi ambamo mjomba wa mfungwa anaweza kuandika barua na hukumu ikabadilika. Ninachoomba ni kwamba ushahidi uliomfunga kijana huyu upimwe upya kama sheria inavyotaka, na kwamba viwepo vitu vya kuupimia: mwenendo kamili wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani, wakili, na vielelezo. Kwa sasa hana hata kimoja kati ya vitatu hivyo.

Usiku wa tukio, kama alivyoeleza mjane mwenyewe mahakamani, ilikuwa yapata saa nne. Watu watatu waliusukuma mlango wa mbele, wakaingia sebuleni ambamo marehemu alikuwa ameketi akila, wakamkata kwa panga kichwani na shingoni, kisha wakatoka mbio kupitia shamba la miwa lililo nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa chumbani akimlaza mtoto mchanga, na aliposikia kishindo alisimama kwenye mlango wa chumba. Mwanga pekee ulitoka kwenye koroboi iliyokuwa juu ya meza. Kwa makadirio yake jambo lote halikuchukua dakika mbili, na katika purukushani ile koroboi ilianguka ikazimika. Alisema kwamba mmoja wa wale watatu, aliyevaa kofia, alikuwa okewo wangu, ambaye amemfahamu tangu alipoolewa pale kijijini.

Simwiti mama huyu mwongo, na ninaomba asiwepo atakayeisoma barua hii kwa njia hiyo. Alimwona mumewe akiuawa. Ninachosema ni kile ambacho mahakama zetu zenyewe zimekisema kwa zaidi ya nusu karne, kwamba shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea. Katika kesi ya Roria dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1967, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikiri kwamba hukumu inayosimama juu ya utambuzi peke yake haikosi kuacha wasiwasi moyoni. Upande wa mashtaka hujibu kwamba hapa shahidi alikuwa akimtambua mtu aliyemjua, na ni kweli kwamba utambuzi wa namna hiyo una uzito kuliko wa mtu mgeni. Hata hivyo kesi ya Turnbull ya Uingereza ya mwaka 1976, ambayo majaji wetu huirejelea mara kwa mara, ilionya kwamba watu hukosea hata wanapodhani wamewaona jamaa na marafiki wao wa karibu. Nani kati yetu hajawahi kumwita mtu kwa sauti sokoni, mchana wa jua kali, akageuka akawa mtu mwingine?

Mwaka 1986, katika kesi ya Maitanyi dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ilieleza kinachopaswa kufanywa shahidi mmoja anaposema alimtambua mtu usiku. Haitoshi kuandika kwamba kulikuwa na mwanga. Ni lazima iulizwe ulikuwa mwanga wa aina gani, una nguvu kiasi gani, na ulikuwa mahali gani ukilinganishwa na yule aliyetambuliwa. Na mambo hayo yasipoulizwa, mahakama haiwezi kusema kwamba iliupima ushahidi kwa uangalifu. Katika kesi ya okewo wangu hayakuulizwa. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nyuma siku ambayo mama yule alitoa ushahidi, nikasubiri wakili amwulize koroboi ilikuwa upande gani wa meza. Hakuuliza. Kiongozi wa mashtaka hakuuliza, na jaji pia hakuuliza. Katika hukumu, suala lote la mwanga limepewa sentensi moja, kwamba taa ilikuwa inawaka na ilimwezesha shahidi kuona.

Upande wa meza si jambo dogo. Ikiwa koroboi ilikuwa kati ya mjane na wavamizi, huenda iliwamulika nyuso. Ikiwa ilikuwa upande wa mlango wa nje, nyuma ya watu hao, basi alichokiona ni vivuli vitatu vyenye mwanga mgongoni, na kimoja kimevaa kofia. Baada ya hukumu, mimi, ambaye sijui sheria ila najua kufundisha kwa vielelezo, niliwasha koroboi ya mafuta ya taa nyumbani kwangu, nikamsimamisha mjukuu wangu na rafiki zake wawili upande ule na upande huu, wakiwa na kofia na bila kofia, nami nikakaa kwenye mlango wa chumba. Sidai kwamba mchezo huo wa mzee ni ushahidi. Ila wanafunzi wangu wa darasa la sita wangeniuliza swali la meza kabla sijamaliza kusimulia, na sielewi ni vipi lilipita mbele ya watu wengi waliosoma bila kuulizwa.

Lipo jambo la pili, nalo kwangu ni zito zaidi. Taarifa ya kwanza iliandikwa kwenye kitabu cha matukio cha polisi alfajiri iliyofuata, na inasema kwamba marehemu alishambuliwa na watu watatu wasiojulikana. Mjane ndiye aliyeitoa. Jina la okewo wangu lilitokea siku mbili baadaye, kwenye maelezo aliyoandikisha, na katika siku hizo mbili uwanja wa matanga ulikuwa umejaa watu, na watu wakawa wanasema. Walisema kwamba kijana yule aligombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba, jambo ambalo ni kweli na ambalo hata yeye hakulikana. Mjane alipoulizwa mahakamani kwa nini hakulitaja jina mara ya kwanza, alijibu kwamba aliogopa. Huenda ni hivyo. Mtu aliyepitia usiku kama ule ana kila sababu ya kuogopa. Lakini mahakama ilitakiwa ijiulize kama jina lile lilitoka machoni mwake au lilitoka matangani, na hukumu haioneshi kwamba swali hilo lilijadiliwa. Jirani aliyekuwa wa kwanza kufika baada ya mayowe, ambaye ndiye angeweza kusema mama alitamka nini dakika ile, hakuitwa kutoa ushahidi, ingawa aliandikisha maelezo na jina lake limo kwenye orodha ya mashahidi. Tangu kesi ya Bukenya dhidi ya Uganda ya mwaka 1972, sheria inajulikana: upande wa mashtaka una wajibu wa kuwaita mashahidi wote muhimu hata kama maneno yao hayataufaa, na ushahidi ulioletwa ukiwa haba, mahakama inaweza kuchukulia kwamba yule aliyeachwa angeuharibu.

Okewo wangu alijitetea kwamba usiku huo alikuwa na kikundi cha wapakiaji wa miwa, wakisubiri trekta iliyoharibika barabarani. Hukumu inamlaumu kwa kutowaleta wenzake kuthibitisha. Hapo nilishangaa, kwa maana hata sisi tusio mawakili tumesikia kwamba mshtakiwa anayesema alikuwa mahali pengine habebi mzigo wa kuthibitisha hilo. Ni upande wa mashtaka unaopaswa kuonesha kwamba hakuwa huko. Vibarua wa miwa huhama kila msimu, na kesi ilichukua miaka minne kabla ya kufikia utetezi. Angewapata wapi, naye yuko rumande?

Kuhusu panga nitasema kidogo. Lilichukuliwa nyumbani kwa dada yangu, kama ambavyo lingeweza kuchukuliwa katika nyumba yoyote ya nchi ya miwa, likakaa miezi miwili kabla ya kufikishwa kwa Mkemia wa Serikali, na hakuna aliyeieleza mahakama lilihifadhiwa wapi wala na nani katika muda huo. Ripoti ilisema kwamba damu iliyokuwepo haikutosha kumtambulisha mtu yeyote kwa DNA. Pamoja na hayo, hukumu inalitaja kama jambo linaloupa nguvu ushahidi wa mjane. Kitu kisichosema lolote hakiwezi kumuunga mkono mtu.

Tena yule jaji aliyemsikiliza mjane hakuwa ndiye aliyeandika hukumu. Katikati ya kesi alihamishwa, akaja mwingine, na kifungu cha 200 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinampa mshtakiwa haki ya kudai mashahidi waitwe tena mbele ya jaji mpya. Okewo wangu aliambiwa kuhusu haki hiyo asubuhi moja akiwa kizimbani, kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuandika aya hii. Wakili aliyepewa na serikali, ambaye kwa kawaida alikutana naye dakika chache kabla ya kesi kutajwa, alisema waendelee pale walipofikia. Kijana akaitikia kwa kichwa. Ndivyo ilivyotokea kwamba mtu aliyeamua kwamba shahidi huyu wa pekee ni wa kuaminika hakuwahi kumwona akizungumza.

Waheshimiwa, katika kesi ya mauaji rufaa ya kwanza ndiyo mara ya mwisho ushahidi kupimwa kikamilifu. Kesi huanzia Mahakama Kuu, kwa hiyo mtu hukata rufaa moja kwa Mahakama ya Rufaa, na baada ya hapo Ibara ya 163 humruhusu kufika Mahakama ya Upeo kwa masuala ya kufasiri au kutumia Katiba au yenye umuhimu kwa umma wote tu. Koroboi ya Muhoroni haitakuwa na umuhimu kwa umma wote. Ndiyo sababu kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1972 ni muhimu sana kwetu, kwa kuwa iliweka wazi kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza ni lazima iuchambue ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi. Majaji watatu wa Kisumu wataufanya uchambuzi huo kwa kusoma. Watasoma nini?

Kijana aliwasilisha ilani ya rufaa akiwa gerezani ndani ya siku 14 zinazotakiwa. Tangu hapo imepita miaka mitatu, na mwenendo wa kesi uliochapwa haujakamilika. Tulipopewa nakala ya kwanza tuligundua kwamba mahojiano ya wakili na afisa mpelelezi hayamo, nayo ndiyo sehemu ambamo afisa aliulizwa juu ya taarifa ya kwanza ya kitabu cha matukio. Daftari la jaji wa kwanza linatafutwa, ndivyo tulivyoambiwa mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tano. Dada yangu hupanda matatu kupitia Awasi na Ahero hadi Kisumu, huuliza, hujibiwa, hupitia Kodiaga kumwambia mwanawe alichojibiwa, kisha hurudi nyumbani usiku. Mahali pa kulalamikia karatasi zilizopotea hatupajui, kwa sababu kila anayeulizwa ana ofisi nyingine ya kututuma, na kila ofisi ina heshima zake. Sijakutana na mtu hata mmoja aliyetufokea, na pengine ndiyo maana imechukua muda mrefu kuelewa kwamba hatusaidiwi.

Kuna jambo moja ambalo labda halijawafikia, na ambalo wafungwa wanalijua vizuri. Tangu Mahakama ya Upeo ilipoamua katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, kwamba hukumu ya kifo haiwezi kuwa ya lazima kwa kila mtu aliyepatikana na kosa la mauaji, wengi wamerudi mahakamani kuomba adhabu yao iangaliwe upya. Ni uamuzi ninaoushukuru, kwa sababu bila huo kijana wetu angekuwa miongoni mwa waliohukumiwa kunyongwa, katika nchi ambayo haijamnyonga mtu tangu 1987 na bado sheria yake haijaifuta kamba. Lakini wenzake gerezani humshauri kila siku: achana na rufaa ya hatia, haitasikizwa, karatasi hazipo; omba kupunguziwa miaka. Naye akiomba kupunguziwa, ataulizwa kama anajuta. Mtu anayesema hakuua atajutia nini? Akikiri atatoka mapema, na akishikilia kwamba hakufanya atamaliza miaka yake. Aliniuliza nimshauri, nami niliyewashauri vijana wa watu kwa miaka 31 nilikosa neno. Mwishowe alijiamulia mwenyewe kwamba ataingoja rufaa. Sioni fahari katika uamuzi huo, ninaona tu kwamba mfumo umemweka mahali ambapo kusema anachoamini kuwa kweli kunamgharimu zaidi.

Kwa hiyo ninaomba haya. Mheshimiwa Jaji Mkuu, daftari la jaji litafutwe na mtu mwenye jina na tarehe ya kutoa jibu, na kama limepotea kabisa, jambo hilo liandikwe na kuthibitishwa rasmi, ili mahakama iamue cha kufanya na rufaa ambayo mwenendo wake hauwezi kukamilika, badala ya kijana kuendelea kungoja karatasi ambazo huenda hazipo duniani. Kwa wakuu wa msaada wa kisheria, Ibara ya 50 inaahidi wakili wa gharama ya serikali pale ambapo haki ingepotea bila yeye, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ilitungwa kwa ajili hiyo. Ninaomba apewe wakili sasa, akiwa na miezi ya kusoma jalada, wala si asubuhi ya kusikilizwa. Naomba pia panga na nguo za marehemu zisiharibiwe wala kutupwa kama vielelezo vya kesi iliyokwisha, kwa maana ibara hiyohiyo inaruhusu kesi kusikizwa upya kukipatikana ushahidi mpya wenye uzito, na kipimo kisichowezekana jana huenda kikawezekana kesho ikiwa bado kuna cha kupimwa.

Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka nina ombi ambalo huenda likaonekana la ajabu likitoka kwa upande wetu. Ofisi yako ina uwezo wa kuliangalia jalada na kuiambia mahakama kwa uwazi kwamba haiungi mkono hukumu fulani, na imewahi kufanya hivyo katika rufaa nyingine. Ninaomba afisa ambaye hakuhusika na kesi hii asome taarifa ya kwanza na maelezo ya siku ya tatu, aviweke pamoja mezani, kisha afanye anavyoona. Wavamizi walikuwa watatu kwa kauli ya mjane mwenyewe. Wawili hawajawahi kutafutwa, na baada ya hukumu hii sidhani kuna anayewatafuta.

Kutoka kwetu Muhoroni, Koru ni jirani. Watu wa rika langu tunakumbuka Februari 1990, mwili wa Dakta Robert Ouko, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, ulipopatikana Got Alila, kilima kilicho karibu na Koru. Tunakumbuka kwamba aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru alishtakiwa kwa kifo hicho na kuachiliwa mwaka 1994, na kwamba hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Huo ulikuwa msiba wa taifa zima, nao wa kwetu ni wa boma moja. Ila tulijifunza katika miaka ile kwamba kumweka mtu kizimbani hakumpi mfiwa jibu, na nadhani kumfunga mtu asiyefaa kunamnyima jibu hilo kabisa.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa mjane kupitia mzee wa kijiji, ili asizisikie habari zake kwa watu wengine kwanza, na ili pasiwe na wa kusema kwamba nilikwenda kumshawishi shahidi. Mzee aliniambia kwamba aliipokea kwa mikono miwili, akauliza kama kuna mahali nimemwita mwongo, akajibiwa hapana, akaingia nayo ndani. Juzi tulipokutana njiani alinisalimia kama kawaida. Sikumwuliza kama ameisoma.

Wenu mtiifu,

Mjomba wa mfungwa,
Muhoroni, Kaunti ya Kisumu.